Hati Moja, Majina Mawili

Wakili hajakaa vizuri kwenye kiti chake, Mama Swichi tayari ameanza kumhoji.

"Kwanza nijue. Wewe ni wakili wetu au wa muuzaji?"

"Wenu, mama. Muuzaji ana wake."

"Na mkikutana huko mahakamani, mnakunywa chai pamoja?"

"Tunakunywa."

"Hapo ndipo ninapopata wasiwasi."

Mkamwana wake, aliyekaa pembeni na mkoba mapajani, aliinama akajifanya anatafuta kitambaa. Alimjua mavyaa wake. Mama Swichi alikuwa amestaafu kazi ya swichibodi, ya kuunganisha simu, kwenye hospitali kubwa ya mji ule. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye kiti cha kuzunguka akiwauliza watu: unamtaka nani, yuko wodi gani, wewe ni nani wake? Jina la utani alipewa na manesi. Siku ya kuagwa alikiacha kiti, lakini maswali aliondoka nayo.

Wakili alikuwa mtu mzima mpole, mwenye kikombe cha maji ya moto ambacho hakikuisha maji. Alionekana kuwa na subira, na siku hiyo aliihitaji yote.

"Hati ya nyumba tumeiona kwa macho yetu," Mama Swichi aliendelea. "Ina muhuri. Ya nini tena kwenda kuipekua kwa msajili?"

"Hati aliyowaonyesha inasema nyumba ilikuwa ya nani siku ilipoandikwa. Daftari la msajili linasema ni ya nani leo. Hapo katikati mtu anaweza kuwa ameiweka rehani, au ana kesi, au ameshamuuzia mwingine."

"Nani, huyo Refa anayetuuzia? Na magoti yale mabovu?"

"Mama, hata matapeli wana magoti."

Mkamwana akashindwa kujizuia, akacheka. Mama Swichi alimtazama wakili upya, kama mtu aliyempata wa kucheza naye.

"Huyo Refa ana mke?" wakili aliuliza.

"Alikuwa naye. Alishafariki."

"Basi nitaomba cheti cha kifo. Mke angekuwa hai, Refa asingeweza kuuza bila ridhaa yake, hata kama jina lake halimo kwenye hati." Akanywa maji yake, akavuta karatasi. "Sasa na mimi niwaulize. Nyinyi wawili ni nani kwa nani?"

"Mwanangu," alisema Mama Swichi.

"Mama mkwe wangu," alisema mkamwana.

"Mume yuko wapi?"

"Alitangulia," Mama Swichi akajibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuongeza neno.

Ilikuwa imepita miaka kadhaa. Mume wa mkamwana, mtoto wa pekee wa kiume wa Mama Swichi, aliugua ghafla akaondoka ghafla. Baada ya matanga watu walitarajia mjane arudi kwao, na mama arudi kwake. Mama alisema atabaki siku mbili tatu ili binti huyo asilale peke yake. Binti akasema basi na yeye angoje mama apate nguvu kwanza. Hakuna aliyemwomba mwenzake abaki. Siku zilikwenda tu, wakajikuta miswaki yao iko kwenye kikombe kimoja. Mkamwana alikuwa fundi miwani: alikata vioo, akavipachika kwenye fremu, akanyoosha miguu ya miwani iliyokaliwa na wenyewe. Jioni alirudi nyumbani, akamkuta mavyaa wake na habari za jengo zima.

Sasa mwenye nyumba waliyopanga alitaka kumwozesha mwanawe na kumpa makao, ndiyo maana wakaamua kununua. Mama Swichi alikuwa na kiinua mgongo chake, binti alikuwa na akiba yake. Nyumba waliipata kwa mwalimu mstaafu wa michezo ambaye mtaa mzima ulimwita Refa. Ilikuwa ndogo, vyumba viwili vya kulala, ukumbi, jiko, na uani pa kuanikia nguo. Refa alikuwa anakwenda kuishi kwa binti yake, mahali pasipokuwa na ngazi.

Wakili akaeleza taratibu.

"Mnaweza kumiliki kwa njia mbili. Ya kwanza ni umiliki wa pamoja. Nyumba nzima inakuwa yenu wote wawili, haina fungu la huyu wala la yule. Mmoja akifariki, anayebaki anakuwa na nyumba yote, hakuna mrithi mwingine. Ya pili ni kwa mafungu. Kila mtu ana sehemu yake inayojulikana. Mmoja akifariki, sehemu yake inakwenda kwa warithi wake, au kwa aliyemtaja kwenye wosia."

"Pamoja," alisema Mama Swichi.

"Kwa mafungu," alisema mkamwana.

Walisema kwa mkupuo mmoja. Kisha wakageukiana. Tangu waanze kuishi pamoja walikuwa wamebishana juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe, lakini hawajawahi kupingana mbele ya mtu baki.

Wakili aliweka kalamu chini. "Nendeni mkaongee. Majibu ya msajili yenyewe bado hayajatoka."

Njiani Mama Swichi alitangulia. Kwa kawaida wakivuka barabara alimshika binti mkono, akidai kwamba anamvusha yeye. Siku hiyo alivuka peke yake, kichwa juu, na pikipiki ikampigia honi.

Nyumbani, binti alijaribu. "Mama, usinielewe vibaya."

"Nimeelewa vizuri. Hata nyumba hatujaipata, umeshaanza kugawana na mimi."

"Si kugawana."

"Ni nini?"

Sababu alikuwa nazo mbili. Moja ingetamkika kwa shida, ya pili haikutamkika kabisa.

Ya kwanza ilikuwa wifi yake, dada wa marehemu, aliyeolewa mji mwingine. Mama akifariki na nyumba yote ikabaki kwa mkamwana, wifi angesema nini? Watu wangesema nini? Mjane kamzunguka kikongwe wa watu, kala jasho lake, kamfungia mlango mtoto wa kumzaa.

Ya pili ilikuwa mfamasia. Duka lake la dawa lilitazamana na duka la miwani, na miwani yake ililegea mara nyingi kiasi kwamba wafanyakazi wenzake binti walisema anaikalia makusudi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mikono misafi, na mwezi uliopita alikuwa amemwuliza swali ambalo mwanamume humwuliza mwanamke akishakata shauri. Binti alimjibu, "Ngoja hili la nyumba lipite kwanza." Lakini nyumba haikuwa sababu. Alishindwa kujiona akimwambia mama wa mume wake kwamba kuna mume mwingine. Na alishindwa zaidi kujiona siku moja akikaa na mume huyo mwingine ndani ya nyumba iliyonunuliwa kwa kiinua mgongo cha mama wa yule wa kwanza.

Kwa hiyo alinyamaza, na Mama Swichi akanuna.

Mama Swichi hakununa kama watu wengine. Alinuna kwa heshima. Alipika, akapakua, akatangaza kwa sauti ya swichibodi, bila kumtazama mtu, "Chakula kiko tayari." Binti akisema asante, alijibu, "Haya." Hiyo "haya" ndiyo iliyomkosesha binti usingizi.

Ikafika siku ya kwenda kuangalia mipaka. Wakili alikuwa amewaagiza waende na mpima, wahakikishe mawe ya mpaka yapo mahali pake na ukuta wa jirani haujaingia ndani. Aliwaambia pia wakubaliane na Refa juu ya vitu gani vinabaki na vipi vinaondoka, na kila kitu kiandikwe kwenye mkataba. "Kilichofungwa ukutani kwa kawaida kinabaki," alisema, "lakini nimeona watu waking'oa hadi masinki."

Refa aliwapokea mlangoni kwa bashasha. Baada ya dakika chache bashasha ikaanza kumpungua.

"Refa," Mama Swichi alisema, akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwa binti, "mwulize mwenzangu kama ameuona ule ufa."

Refa akamtazama binti. "Mama anauliza kama umeuona ufa."

"Mwambie nimeuona. Ni wa plasta tu."

"Anasema ni wa plasta."

"Mwambie yeye fundi wa miwani, plasta kaijulia wapi?"

"Anasema..." Refa akasita. "Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Mwulize kama tangi la maji linabaki."

"Hilo ni swali la nani kwa nani?" Refa aliuliza, amechanganyikiwa. "Ni langu, si ndiyo? Tangi linabaki. Feni inabaki. Taa zinabaki. Kabati la jikoni ni la marehemu mke wangu, hilo nitaondoka nalo." Akawatazama wote wawili. "Jamani. Mimi nimechezesha mechi za watu waliokuwa wakitafunana. Lakini wale angalau walikuwa wakitukanana wenyewe, hawakunituma mimi. Nakwenda nje kwa mpima. Mchezo umesimama."

Akatoka, akichechemea, akavuta mlango nyuma yake.

Jiko lilikuwa na dirisha kubwa na harufu ya sabuni. Mama Swichi aliketi kwenye ngazi ndogo ya kuelekea uani. Nje, sauti ya mpima ilisikika ikisema jiwe hili hapa, na lile liko chini ya majani.

"Ni yule wa dawa?" Mama Swichi aliuliza.

"Nani?"

"Usiniulize nani. Nimeunganisha simu za watu maisha yangu yote. Mtu akipokea simu akasema 'niko nyumbani, nitakupigia' kwa sauti ile unayoisema wewe, huyo hakupigiwa na shangazi yake."

Binti akajiegemeza kwenye sinki. Uso ulimwiva. "Sijamjibu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako."

"Mimi nilikukataza lini?"

"Hujanikataza, mama. Ungenikataza ningejua la kusema. Nikiolewa nitakuwa nani wako? Leo nikiulizwa, najibu: mama mkwe wangu. Nikiolewa kule nitakuwa na mama mkwe mwingine. Wewe nitakuita nani?"

Mama Swichi alifikiri sana. Hakuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, kwa hiyo binti aliogopa.

"Utaniita mama," alisema mwishowe, "kama unavyoniita ukitaka nisogee kwenye kochi. Wewe swali lako rahisi. La kwangu ndilo gumu. Yeye ataniita nani? Mume wa mke wa mwanangu! Mtu huyo ana jina gani? Si mkwe, si shemeji, si mjomba. Lugha nzima hii imeishiwa maneno kwa ajili ya huyo muuza dawa."

Binti akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Mama Swichi akapapasa ngazi kumwonyesha pa kukaa. Wakakaa wakiwa wamebanana, maana ngazi ilikuwa nyembamba.

"Nitaumia," Mama Swichi alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Siwezi kukudanganya. Siku utakayoolewa nitavaa vizuri, nitacheka na watu, na ndani nitaumia. Lakini nimekuona unavyokaa dirishani peke yako Jumapili. Hilo nalo linaniuma."

Binti akamshika mkono.

"Na ile ya pamoja," Mama akaendelea, "niliitaka kwa sababu moja. Nikifa, asije mtu akakuambia fungasha. Unajua pale kwenye swichibodi nilisikia nini? Ndugu wanapiga simu kuuliza kama mgonjwa amefariki kabla hawajauliza kama amepata nafuu. Nikajiapia, mtu wangu hatafanyiwa hivyo."

"Na mimi niliyataka mafungu ili wifi asije akasema nimemnyang'anya."

"Kasema?"

"Hajasema."

"Sasa tunagombana kwa maneno ya mtu asiyeyasema? Lete simu."

Wakampigia hapo hapo, simu ikiwa katikati yao kwenye ngazi, spika imewashwa. Mama Swichi alieleza yote kwa mpangilio, kama anayesoma taarifa ya habari. Upande wa pili wifi akapaza sauti.

"Yaani mmenuniana kwa ajili yangu, na mimi niko huku nauza vitambaa vyangu sina habari?"

"Ndiyo hivyo. Unasemaje?"

"Nasema hivi. Wifi, unanisikia? Nikikwambia sitaki kitu chochote nitakuwa naongopa. Ni jasho la mama yangu. Lakini nani aliyemwogesha alipovunjika nyonga? Mimi nilikaa huku na watoto wangu, nikawa napiga simu tu. Andikeni mafungu. La mama siku moja litanifikia mimi, sawa. Lakini iandikwe kwamba wifi atakaa humo mpaka achoke mwenyewe, na mtu asimguse. Iandikwe, msiniachie moyoni tu. Moyo wangu hauna shida, ila nina mume, na mume wangu mnamjua mdomo wake."

Mama Swichi aliangua kicheko ambacho kilimrudisha Refa ndani. Alichungulia mlangoni, akawakuta wamekumbatiana kwenye ngazi yake, akarudi nje bila kusema kitu.

Kwa wakili walirudi wameshikana mikono. Mama Swichi alitoa uamuzi: mafungu, nusu kwa nusu.

"Michango yenu haikuwa sawa," wakili aliwakumbusha. "Mnaweza kuandika mafungu kulingana na alichotoa kila mmoja."

"Nilipovunjika nyonga, huyu ndiye aliyenigeuza kitandani. Hilo utalipigia hesabu gani?"

"Siwezi."

"Basi andika nusu."

Wakili aliandika. Akawaeleza kwamba ile haki ya binti kukaa humo ingewekwa kwenye wosia wa mama, na kwamba wosia ni jambo la peke yake, lenye mashahidi wake, na shahidi asiwe mtu anayenufaika nao. Mama Swichi akauliza kama wakili mwenyewe anaweza kuwa shahidi, na kama atakunywa chai siku hiyo, na na nani. Aliuliza pia ushuru wa stempu unalipwa na nani, akaambiwa mnunuzi. Akauliza kama stempu yenyewe basi ni nzuri kuitazama.

Kisha pakatokea kikwazo. Majibu ya msajili yalionyesha nyumba ina rehani ya benki. Mama Swichi alishika tama. Refa alipopigiwa simu alikuja mbio, kadiri magoti yalivyomruhusu, amekasirika hadi kigugumizi.

"Mkopo ule nilimaliza kuulipa mke wangu akiwa hai!"

"Nakuamini," wakili alisema. "Kumaliza kulipa ni jambo moja. Rehani kufutwa kwenye daftari ni jambo jingine. Benki walitakiwa kutoa barua ya kuiondoa, na nyinyi hamkuifuatilia. Hutokea kila siku."

"Sasa nifanyeje?"

"Nenda benki. Bila hiyo barua wateja wangu hawasaini kitu."

Refa alimgeukia Mama Swichi kwa aibu. "Mama, utadhani nilitaka kukudhulumu."

"Nilikutetea mapema," Mama alisema. "Nilitumia magoti yako kama ushahidi."

Benki walimzungusha kidogo, njoo kesho, njoo kesho kutwa, aliyehusika yuko likizo. Mwishowe barua ikatoka, rehani ikafutwa, mikataba ikasainiwa. Binti aliuliza kama wanaweza kupeleka maboksi machache mapema, kwa kuwa mwenye nyumba wa zamani alikuwa ameanza kupitisha mafundi wa rangi.

"Funguo ni siku malipo ya mwisho yakimfikia muuzaji, na mimi ninazo nyaraka za uhamisho zilizosainiwa," wakili alisema. "Kabla ya hapo, hata boksi moja halilali humo."

"Hata mto?" Mama Swichi akauliza.

"Hata mto, mama."

Siku ya kuhama ilipofika, mfamasia alikuja kubeba, amevaa shati ambalo si la kubebea vitu. Alikuwa amejiandaa. Alisimama mbele ya Mama Swichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelala salama?"

"Salama."

"Umekula?"

"Bado."

"Hatubebi vitu na mtu ambaye hajala, atatuangushia kabati." Akamkalisha, akamwekea chai na mkate, akasimama juu yake mpaka akamaliza. Akamwuliza kama yeye Mama ainywe dawa yake ya presha kabla au baada ya chakula. Mfamasia alimjibu kwa makini sana, kama yuko kwenye mtihani, na binti aliyekuwa akifunga sufuria kwenye magazeti alilazimika kwenda kucheka chumba kingine.

Jioni watu walikuwa wameshaondoka. Refa alikuwa amewaonyesha jinsi mlango wa uani unavyotaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunguke, akapiga ukuta makofi mawili kama anayeagana na mchezaji, akaondoka bila kugeuka nyuma. Mfamasia alikuwa amekwenda kufunga duka.

Kule walikopanga walikuwa na chumba kimoja cha kulala, vitanda viwili, pazia katikati. Hapa kila mmoja alikuwa na mlango wake. Mama Swichi aliingia chumbani kwake, akafunga. Binti akaingia kwake, akafunga. Alikaa kitandani akasikiliza. Hakukuwa na redio, hakukuwa na kukohoa, hakukuwa na "umelizima jiko?" Kimya kizuri, alijiambia, na akakivumilia kwa muda mfupi tu.

Alipofungua mlango, alimkuta Mama Swichi amesimama kwenye korido, mto kwapani, mkono umeinuliwa tayari kubisha.

"Nilikuwa napita tu," Mama alisema.

"Kwenda wapi, mama? Korido yenyewe inaishia hapa."

Mama Swichi alitazama huku na huku, akakubali kwamba korido ilikuwa fupi. Binti akaenda kuleta mkate uliobaki, wakaketi sakafuni kati ya milango miwili iliyo wazi, migongo ukutani, miguu imenyooshwa mpaka ukuta wa pili, wakala.

"Chumba changu kina jua la asubuhi," Mama alisema akitafuna. "Chako?"

"Changu cha jioni."

"Basi tumepata siku nzima," alisema, akamkatia binti kipande kikubwa zaidi.